Amiba wa Bwawa la Nyamrere

Kabla ya kumfunga kamba walimvunja meno. Hayo Milka aliyasema kwa simu, kwa sauti iliyokwisha machozi, na Phelesia Akoth aliyasikiliza akiwa amesimama mbele ya mashine yake ya kusoma vinasaba mjini Homa Bay, mkono mmoja ungali ndani ya glavu. Aliyevunjwa meno ni Gisiri, mume wa Milka, mchimba dhahabu wa machimbo ya Nyamrere huko Migori. Waliomvunja ni ndugu zake Phelesia mwenyewe, wana wa mama yake na wana wa baba zake wadogo. Walimpiga kwa mipini ya sururu, wakamburura mgongo chini kutoka machimboni hadi bomani kwao, wakamfunga kwenye nguzo ya zizi la ng'ombe. Walisema amemwua Maurice kwa sumu. Walisema pia kwamba ushahidi waliupata kwa Phelesia.

“Wewe ndiye ulisema,” Milka alimwambia. “Sasa kuja uwaambie tena.”

Ilikuwa kweli.

Maurice alikuwa kitinda mimba wa mama yao. Aliletwa kutoka Nyamrere akiwa na homa na maumivu ya kichwa, akalazwa Homa Bay ili awe karibu na dada yake, na watu wote wakadhani ni malaria ya kawaida. Haikuwa hivyo. Shingo yake ilikakamaa kama mti. Mwanga wa dirisha ulimchoma hata akalia. Kisha akili ikamtoka ghafla: aling'oa sindano mkononi, akamwuma muuguzi hadi nyama ikaachana, akakipigapiga kichwa chake ukutani huku akimlaani mtu asiyeonekana na yeyote. Wanaume wa wodi nzima ndio waliomlaza chini, wakamfunga kwa mashuka. Alikufa akiwa amefungwa hivyo, macho wazi, na damu ya ukutani haijakauka. Daktari alikuwa amechota maji ya uti wa mgongo wake, na kwa kuwa mtaalamu wa vijidudu vya majini katika mji ule alikuwa Phelesia, chupa ya maji hayo ililetwa kwake. Aliitazama kwa hadubini. Katikati ya usaha wa ndugu yake palikuwa na viumbe wakitambaa.

Walikuwa amiba. Si wale wa kuharisha, waishio tumboni mwa mtu, bali wale wajitegemeao, wazaliwao na kufa majini na udongoni bila haja ya mwanadamu. Aghalabu hawamjui mtu wala mtu hawajui. Lakini wamo wachache miongoni mwao ambao, wakipata njia ya puani, hupanda kwa mshipa wa kunusia hadi kwenye ubongo, wakaula.

Phelesia aliizika huzuni yake ndani ya kazi. Alisafiri hadi Nyamrere, akachota maji ya kijito, akachota ya bwawa la kuoshea mawe, akachota pia ya pipa la buluu. Pipa hilo lilikuwa mali ya Gisiri. Maji ya machimbo yana ladha ya chuma, basi Gisiri, ambaye kwao ni upande wa mpakani, alizoea kubeba maji ya kisima chao kwa pikipiki na kuyamimina ndani ya pipa, na yeye na Maurice, waliokuwa wakishirikiana shimo moja, wakayanywa pamoja. Maji yote matatu Phelesia aliyapandikiza maabarani. Ya kijito hayakuotesha kitu cha maana. Ya bwawa yalichelewa, kwa kuwa sahani yake iliota ukungu na ikabidi aanze upya. Ya pipa yakaotesha amiba waliotambaa sawasawa na wale wa Maurice, na walipotiwa katika maji safi yasiyo na chumvi, wakaota mikia miwili na kuogelea, kama walivyofanya wale wa Maurice.

Hapo ndipo Odhiambo, kaka yao mkubwa, alipopiga simu. Alikuwa akilia. Alitaka kujua kitu kimoja tu, nini kimemwua mdogo wake, na Phelesia, ambaye hakuwa amelala wala kula, alimjibu kabla ya wakati. Alimwambia kwamba kichwani mwa Maurice mlikuwa na wadudu, na kwamba wadudu wa pipa la Gisiri wanafanana nao. Odhiambo alishukuru kwa upole, akakata simu.

Sasa mashine ilikuwa imemaliza kazi yake. Viumbe hawa mtu hawezi kuwaainisha kwa macho, maana wote ni tone la uji lenye kiini. Hujulikana kwa vinasaba vyao, kwa mpangilio wa herufi ambao kila aina huurithi kwa ukoo wake na haiuazimi kwa jirani. Herufi za amiba wa Maurice zilikuwa zimepangwa kando ya herufi za amiba wa pipa. Zilitofautiana tangu mwanzo. Wale wa pipa walikuwa binamu, jamii ileile ya Negleria, lakini ukoo usio na madhara, ambao haustahimili hata joto la mwili wa mtu. Chini yao zilikuwa zimepangwa herufi za amiba wa bwawa, waliokubali kuota hatimaye. Hizo zililingana na za Maurice, herufi kwa herufi, aina ileile na tawi lilelile.

Phelesia alivua glavu, akachukua gari la maabara.

Huko Awendo trela la miwa lilikuwa limepinduka na kuziba barabara, na vijana walikuwa wakigombania miwa kwa mapanga huku dereva akiwa bado ndani, paji limepasuka. Phelesia alipita kwenye mtaro wa kando, chuma cha chini ya gari kikalia juu ya mawe, na hakusimama. Huko nyuma maishani hakuwahi kumpita mtu aliyejeruhiwa. Alipita.

Bomani kwao kaburi la Maurice lilikuwa bado bichi. Alikuwa amezikwa jana yake, na Phelesia, aliyebaki kuilinda mashine, hakumzika. Leo ilikuwa siku ya tero buru, ile desturi ya Waluo ya kuitoa mauti nje ya boma: wanaume hujipaka jivu, hushika mikuki na marungu, hutanguliza mafahali, wakakimbia huku wakipigana na hewa hadi mpakani, ili kifo kijue kwamba wenyeji wanajua kupigana. Boma zima lilikuwa vumbi na matawi na milio ya pembe. Fahali mmoja alikuwa amechomwa ubavuni kwa bahati mbaya na damu ilimtiririka hadi kwatoni. Na kwenye nguzo ya zizi alikuwapo Gisiri.

Uso wake haukuwa na umbo. Jicho moja lilikuwa limezama ndani ya uvimbe, na kinywa kilikuwa shimo jeusi lililokauka damu. Mikono ilifungwa nyuma kwa kamba ya katani hata vidole vikawa na rangi ya zambarau. Kila aliyepita mbio alimgusa kwa kitu alichoshika, huyu kwa rungu, yule kwa ncha ya mkuki, si kwa kumwua bali kwa kumhesabu kuwa sehemu ya mchezo. Milka alikuwa ameketi chini hatua chache kutoka kwake, kwa kuwa kila aliposogea karibu zaidi walimrudisha kwa teke.

Odhiambo alimwona dada yake, akamjia. Alikuwa mtu mrefu mwenye mabega ya kupasua mawe, uso umepakwa jivu, mkuki wa marehemu baba yao mkononi.

“Nyamera, dada yangu,” alimwambia, “umechelewa kuja kulia. Lakini kuona hujachelewa.”

Phelesia alimwomba amfungue mtu yule. Alimweleza, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza, kwamba alikosea. Kwamba wadudu wa pipa si wale. Kwamba amewasoma nasaba yao na ni ukoo mwingine kabisa, usioweza kumdhuru hata mtoto mchanga. Watu walianza kusimama na kusikiliza. Pembe zilinyamaza moja baada ya nyingine.

“Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa,” Odhiambo alisema. “Uliniambia ni wao.”

“Nilikuambia wanafanana.”

“Na kufanana ni nini?”

“Ungemwua mtu kwa sababu anafanana na mwizi?”

“Machimboni tunafanya hivyo,” akajibu mmoja wa binamu, na vicheko vikazuka, vikali na vifupi.

Mzee Omanga, baba yao mdogo, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma, hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Aliuliza swali moja tu: ikiwa si maji ya pipa, ni maji gani?

Phelesia alijua kwamba swali hilo lingekuja, na njia nzima tangu Homa Bay alikuwa amelitafutia jibu jingine. Hakulipata. Alisema ni maji ya bwawa la kuoshea mawe.

Bwawa lile lilichimbwa na Odhiambo. Yeye na Maurice walilichimba kwa mikono yao wenyewe msimu wa kiangazi, wakalizungushia ukuta wa udongo na magunia, wakaelekeza humo maji yavutwayo kutoka shimoni. Maji hayo hupitia kwanza penye injini ya dizeli kuipoza, na yakifika bwawani huwa na uvuguvugu wa maji ya kuogea, na jua huyazidishia. Kandokando ya bwawa kuna kinu cha kusagia mawe, na vumbi la kinu hicho huziba pua za wanaume hata wasiweze kupumua. Basi kila jioni, kazi ikiisha, huchuchumaa ukingoni, huteka maji kwa kiganja, huyavuta puani kwa nguvu hadi yafike nyuma ya macho, kisha hupenga tope jeusi. Wenyewe huita kwa mzaha kusafisha bomba. Maurice alikuwa bingwa wa mchezo huo. Aliyemfundisha ni Odhiambo.

“Unasema nimemwua mimi,” Odhiambo alisema. Hakupaza sauti.

“Nasema ni maji.”

“Maji yangu.”

Alimpiga kofi la nyuma ya mkono, Phelesia akaanguka juu ya jivu la moto wa matanga. Alipoinuka, mdomo umepasuka, Odhiambo alikuwa amekwisha kata kamba ya nguzoni, si ile ya mikononi, na anamsukuma Gisiri mbele ya mafahali. Kama ni bwawa, alinena kwa watu wote, basi mauti itafukuzwa hadi bwawani, na huyu ataonja.

Walikimbia. Mafahali walitangulia wakivuma, vumbi likafunika njia, mikuki ikapanda na kushuka, na wanawake wakafuata kwa kilio kirefu. Gisiri alikimbia kwa sababu aliyekuwa nyuma yake alimchoma matakoni kila alipopunguza mwendo. Alianguka penye mawe ya barabara, wakamkanyaga, wakamwinua, akakimbia tena. Phelesia alikimbia ubavuni akiwaita ndugu zake kwa majina, mmoja mmoja, na hakuna aliyegeuka. Palikuwa na jambo lililomtisha kuliko damu: kwamba watu hawa walikuwa wakiikimbiza mauti kwa ushujaa wao wote, na huko walikokuwa wakiikimbizia ndiko kwake.

Bwawa lilikuwa limetulia, rangi ya chai ya maziwa, mvuke mwembamba ukielea juu. Odhiambo alimpigisha Gisiri magoti ukingoni, akachota kwa kibuyu cha kuoshea mchanga.

“Dada yangu anasema haya ndiyo yanayoua. Kunywa.”

Gisiri alimtazama Phelesia kwa lile jicho moja. Hapo Phelesia alifahamu mtego aliouweka kwa maneno yake mwenyewe. Kuyanywa maji yale hakuui, kwa kuwa tumbo humwua amiba yule kabla hajafika popote. Njia yake ni pua peke yake. Akinyamaza, Gisiri atakunywa na atabaki mzima, na uzima wake utakuwa hukumu yake, maana watasema bwawa haliui. Akisema, watamcheka. Alisema. Alisema mbele ya wote kwamba kuyanywa hakumdhuru mtu, kwamba hatari ni kuyavuta puani, na vicheko vilivyofuata vilikuwa vikubwa hata mafahali wakashtuka.

“Daktari wa wadudu,” binamu yule alisema, “mdudu wako anachagua mlango kama mgeni wa heshima?”

Waliifungua taya ya Gisiri iliyovunjika na kumnywesha. Sauti aliyotoa haikuwa ya mtu. Alikohoa, akatapika maji na damu juu ya miguu ya Odhiambo, kisha akabaki pale pale, anahema, hajafa. Watu wakasubiri. Hajafa.

“Haya,” Odhiambo alisema. Alichuchumaa. Phelesia alimwona akikunja kiganja, akajua, akamrukia. Alimshika mkono kwa meno. Wawili hao waliviringika ukingoni, mtu na dada yake, katika tope la zebaki na mchanga, hadi goti la Odhiambo lilipompata Phelesia chini ya mbavu na pumzi ikamtoka. Odhiambo alisimama, mkono unavuja damu, akateka maji kwa ule mwingine, akayavuta puani kwa nguvu zake zote, mara moja, kisha tena. Akapenga. Macho yalimwiva kwa machozi.

“Nimeyavuta kama Maurice alivyoyavuta,” alimwambia Mzee Omanga, ambaye ndipo tu alipokuwa anafika juu ya pikipiki. “Yakiniangusha, mfungueni huyu. Ikifika siku ya kunyolewa nywele za msiba nami ni mzima, mkuki huu utamalizikia kwake.”

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alisema na iwe hivyo.

Gisiri alirudishwa nguzoni. Phelesia alimpigia simu chifu wa kata, mtu aitwaye Maranga, naye alikuja na askari wachache, kwa sababu wengine walikuwa wamekwenda kutuliza vita vya shimo jingine. Mawe yalianza kabla hawajashuka garini. Kioo cha mbele kilipasuka, askari mmoja akapigwa sikioni, risasi zikafyatuliwa juu, na fahali yule aliyejeruhiwa akavunja zizi na kumkanyaga mtu mguu. Chifu aliondoka ameshika kitambaa usoni, akaahidi kurudi na kikosi. Akina Odhiambo walimwambia Gisiri kwamba kikosi kikionekana barabarani, hakitamkuta hai.

Kilichomwadhibu Phelesia katika siku zilizofuata hakikuwa mbavu zake. Kilikuwa elimu yake. Alijua jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba wanaume wa Nyamrere wote huvuta maji yale puani mwaka baada ya mwaka, na aliyekufa ni Maurice peke yake. Amiba yule ni muuaji asiyekosea anapoingia, lakini kuingia kwake ni nadra mno. Kila alichosoma kilimwambia kwamba kaka yake ataishi. Alipaswa kushukuru kwa hilo, na alishukuru; kisha aliinua macho, akamwona Gisiri nguzoni, nzi wamemjaa kwenye lile jicho, akajua kwamba shukrani yake ndiyo mauti ya mtu huyu. Alijaribu kumwosha vidonda. Milka alimnyang'anya kitambaa, akaosha mwenyewe.

Siku ya kunyoa ilikuwa imekaribia wakati Odhiambo alipoamka akitetemeka.

Alitetemeka hata kitanda kikagonga ukuta. Alisema kichwa kinampasuka. Habari ilizunguka boma upesi kuliko moto wa nyasi, na watu waliokuwa wakinoa mapanga waliyaweka chini, wakaketi, wakautazama mlango wa nyumba yake. Phelesia aliingia na mfuko wake. Ndani alikuwamo Lynnet peke yake, mke wa Odhiambo, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, amekaa kando ya jiko la mkaa.

Phelesia alimwinamisha kaka yake kichwa. Kidevu kiligusa kifua bila taabu. Aliufungua mlango ili jua limpige usoni. Akafumba macho kidogo tu kama mtu yeyote. Alimchoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo kidogo cha plastiki, kile ambacho hakuna mama wa ukanda wa ziwa asiyekijua, akangoja. Mistari ilitokea miwili.

“Malaria,” Lynnet alisema.

“Malaria.”

Odhiambo alikuwa anaweweseka na hakusikia. Nje palikuwa kimya kiasi cha kusikia ng'ombe wakicheua. Lynnet alikitazama kipimo kile kwa muda mrefu, kisha akamtazama mumewe, mikono yake mikubwa iliyolegea juu ya blanketi, na kucha zake ambazo hazikuwa zimetakata tangu siku ya bwawa.

“Akipona, atamwua yule mtu,” alisema. “Halafu atarudi kulala hapa na mimi.”

Alinyoosha mkono, akakichukua kipimo, akakitia katikati ya makaa. Plastiki ilijikunja, ikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya, ikaisha. Kisha akainuka kwenda kuchota maji ya kumkandia mumewe.

Phelesia alibaki amesimama. Miaka yote ya kazi yake ilikuwa kazi ya kutenganisha viwili vinavyofanana, kusema hiki ni hiki na kile ni kile, na kosa moja tu la kuvichanganya lilikuwa limemtoa mtu jicho. Sasa alitakiwa kuvichanganya kwa kusudi. Alimmezesha Odhiambo vidonge vya malaria kwanza, kwa kuwa hakutaka kifo cha yeyote mikononi mwake, akamwomba Mola msamaha kwa neno ambalo hajalisema, akatoka mlangoni.

“Ni yale maji,” alisema.

Mzee Omanga aliinuka kwa fimbo yake, akachechemea hadi nguzoni, akazikata kamba, ya nguzoni na ya mikononi, kwa kisu chake mwenyewe. Binamu mmoja alimzuia kwa rungu kifuani. Mzee alimpiga fimbo usoni, damu ya pua ikamtoka, na hakuna mwingine aliyesogea. Gisiri hakusimama. Alianguka mbele kama gunia, mikono ingali nyuma yake kana kwamba imefungwa, kwa maana ilikuwa imesahau kazi nyingine. Phelesia aliinama kumsaidia.

“Usimguse,” Milka alisema. “Mdomo wako umemfunga, mdomo wako umemfungua. Inatosha.”

Walimpakia juu ya pikipiki, katikati ya mwendeshaji na mkewe, wakamfunga kwa leso asianguke, na alipokuwa anapita langoni alitema damu kwenye ardhi ya boma lile. Hakugeuka nyuma.

Odhiambo alipata nafuu kabla ya siku ya kunyoa. Watu walimjia kumtazama kama mtu aliyerudi kaburini, na Phelesia, akiogopa jinsi uongo mmoja unavyozaa mwingine, aliwaonya wote kwamba huyu ni wa kwanza kupona na wasimtarajie wa pili. Kwamba atakayeyavuta maji yale puani atakufa kama alivyokufa Maurice, amefungwa kwa mashuka. Walimsikiliza. Hakuna aliyemcheka.

Siku ile nywele zao zilipokwisha nyolewa, Odhiambo, kichwa cheupe na macho yamezama, alichukua sururu, akateremka machimboni bila kumwambia mtu. Phelesia alimfuata. Kinu kilikuwa kinasaga, na wanaume walikuwa kandokando ya bwawa na mabeseni yao. Odhiambo alisimama juu ya ukuta wa udongo alioujenga na mdogo wake.

“Ilikuwa ndani yangu?” aliuliza bila kumtazama.

“Ilikuwa.”

“Ile ile ya Maurice?”

Kinu kilisaga. Phelesia aliutazama mkono wa kaka yake, ambapo alama za meno yake zilikuwa bado nyekundu.

“Ile ile.”

“Haikufanana tu.”

“Haikufanana tu,” Phelesia alisema. “Ni ile ile.”

Odhiambo aliinua sururu na kuishusha ukutani. Alipiga kama alivyompiga Gisiri, kwa mgongo mzima, akiguna kila pigo. Magunia yalipasuka. Mwenye kinu alikuja mbio akimshika bega, akapigwa kwa mpini, akaanguka chali juu ya mawe na kunyamaza hapo, amejishika mdomo. Odhiambo aliendelea kupiga, akilia sasa, akilitaja jina la Maurice, hadi ukuta ulipokubali kwa mshindo mzito na maji ya uvuguvugu yakafumuka, yakayabeba mabeseni, yakawapiga wanaume magotini na kuwatia hofu hata wakatawanyika.

Phelesia alirudi nyuma juu ya kifusi, akaziba pua kwa kiganja.